Barabara zetu, daftari lao

Haya wasomaji, leo tuweke kando simu mpya na Linux. Leo ni barabara, madaraja na mitaro. Usifunge ukurasa bado. Habari hii inahusu programu za kompyuta kuliko unavyodhani, na kuna watu hufa kwa sababu yake.

Kuna neno moja limenichosha: mfumo. Kila baada ya miaka michache ofisi fulani ya umma hutangaza kwamba imepata mfumo mpya wa kisasa wa kusimamia barabara. Wakubwa wanapigwa picha wakikata utepe mbele ya skrini. Kwenye skrini kuna ramani ya rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Makofi. Chai na sambusa. Halafu mvua ya Aprili inanyesha, na mashimo ni yale yale, ila sasa yamo kwenye ramani ya rangi.

Msimamo wangu nauweka mbele ili asiyekubaliana nami aanze kukunja ngumi mapema. Ofisi zetu za ujenzi hazihitaji mfumo mwingine. Zinahitaji daftari, na daftari hilo liwe mali ya umma wala si mali ya aliyeshinda tenda. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutaja dashibodi popote.

Kenya ilikuwa darasa

Nianze na jambo ambalo wengi hawalijui, hata wahandisi.

Kati ya 1971 na 1974 watafiti wa maabara ya barabara ya serikali ya Uingereza, TRRL, walifanya kazi hapa Kenya kwa ushirikiano na Benki ya Dunia. Swali lao lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu: barabara inazeeka vipi? Malori yakipita siku baada ya siku, lami inapasuka kwa kasi gani? Barabara ya changarawe inapoteza changarawe kiasi gani kwa mwaka, mvua ikinyesha hivi na greda ikipita vile? Na mwenye gari anayepita kwenye barabara mbovu anapoteza kiasi gani kwa mafuta, magurudumu na vipuri?

Hakuna aliyekuwa na jibu la kutegemewa kwa nchi za joto. Kwa hiyo walichagua vipande vya barabara, wakavipima, wakavipima tena, na wakakusanya hesabu za wenye magari ya biashara. Ripoti zilitoka mwaka 1975, pamoja na programu ya kompyuta iliyoitwa RTIM. Ukiipa gharama ya kujenga, idadi ya magari na mpango wa ukarabati, inakupigia hesabu ya gharama yote ya barabara kwa miaka mingi ijayo, pamoja na ile inayotoka mfukoni mwa mwenye matatu.

Wakati huo huo chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa kinafanyia Benki ya Dunia kazi ya namna hiyo. Mito hiyo miwili ikakutana. Tafiti za Karibi, India na ule mkubwa wa Brazil zikaongezwa, na ikazaliwa familia ya programu inayoitwa HDM. HDM-III ilitoka 1987. HDM-4, iliyoandaliwa kwa mradi wa kimataifa ambao makao yake yalikuwa Chuo Kikuu cha Birmingham, ilitoka 2000. Toleo lake la pili lilipotoka mwaka 2005, liliuzwa kwa leseni.

Soma tena polepole. Barabara zetu zilikuwa darasa ambamo kompyuta ilifundishwa jinsi barabara inavyokufa. Baada ya miaka thelathini, ofisi ya Kenya iliyotaka kutumia mjukuu wa programu ile ilipaswa kutoa pesa.

Silii wivu. Kuandika programu ni kazi, na kazi hulipwa. Mimi mwenyewe nakula kwa kazi hiyo. Na tuseme haki: milinganyo yenyewe imechapishwa vitabuni, na Benki ya Dunia ilitoa zana nyingine za bure, kama RED, inayofanya kazi ndani ya Excel kwa barabara zenye magari machache. Hoja yangu ni nyingine. Angalia ni kitu gani kilichodumu. Kompyuta za 1975 ziko jalalani. RTIM imebaki historia. HDM-III imebaki historia. Lakini vipimo vilivyochukuliwa na watu waliochafua viatu kwenye vumbi la Kenya viliingia katika kila kizazi kilichofuata. Programu ni shati, unavaa linachakaa. Vipimo ndivyo mwili.

Sasa niambie, kwa nini tunanunua shati kwa mamilioni na kumwachia fundi cherehani mwili?

Miaka hamsini kwa haraka

Ili tuelewane, hebu tuone programu hizi zimetoka wapi. Utaona kwamba kila kizazi kilikuja kujibu swali fulani.

Swali la kwanza: tuna nini, na kiko katika hali gani? Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge, lililovuka mto Ohio kule Marekani, lilianguka likiwa na magari. Watu 46 walikufa. Chanzo kilikuwa ufa wa kina cha milimita mbili na nusu hivi katika kipande kimoja cha chuma. Kabla ya siku hiyo Marekani haikuwa na utaratibu wa kitaifa wa kukagua madaraja. Sheria ikapitishwa 1968, kanuni zikatoka 1971: kila daraja likaguliwe angalau mara moja kila miaka miwili, na matokeo yaandikwe kwa mtindo mmoja nchi nzima. Kutokana na hapo likaja daftari la taifa la madaraja. Kumbuka mpangilio: maafa, kisha sheria, kisha daftari. Programu ilikuja mwisho.

Swali la pili: tupime vipi ili wote tuseme lugha moja? Mwaka 1982 Benki ya Dunia na washirika walikutana Brasília na kulinganisha mashine mbalimbali za kupima jinsi barabara inavyotikisa gari. Matokeo yake ni kipimo cha IRI, kinachosomwa kwa mita kwa kilomita. Namba ndogo, barabara laini. Namba kubwa, mgongo unauma. Kipimo hiki hakifungwi na programu ya kampuni yoyote, ndiyo maana unaweza kulinganisha barabara ya Kitui na ya Kigoma.

Swali la tatu: pesa hazitoshi, tuanze wapi? Hapa mfano bora ni jimbo la Arizona, lililoanza mwaka 1980 kutumia programu ya kuchagua kazi za ukarabati. Desturi ya kawaida ni kuanza na barabara mbovu kabisa. Programu ilionyesha kwamba kazi ndogo zilizofanywa mapema zingeweka mtandao wote katika hali nzuri kwa pesa kidogo zaidi. Mwaka wa kwanza waliokoa dola milioni 14. Bibi yako angewaambia bure: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kompyuta iliweza kusema ni ufa upi, mwaka gani, kwa shilingi ngapi.

Swali la nne: nani ametumwa, na amemaliza kazi? Hizi ni programu za maagizo ya kazi. Maximo ilitoka 1985 na ikanunuliwa na IBM mwaka 2006. Cityworks ilijengwa juu ya ramani za kompyuta za Esri. Mwaka 1999 bodi inayoweka kanuni za uhasibu wa majimbo na miji ya Marekani ilitoa kanuni namba 34, iliyotaka barabara na madaraja yaonekane katika vitabu vya hesabu kama mali nyingine. Ghafla mhasibu naye akataka daftari, na wauzaji wa programu wakapata wateja.

Mpaka hapo sina ugomvi. Kila hatua iliongeza akili.

Ugomvi wangu ni na hatua ya tano. Hatua ya tano haikuja na swali. Ilikuja na ankara. Programu ikahamia kwenye seva za muuzaji, ofisi ikawa mpangaji, na kodi inalipwa kila mwaka. Na mpangaji, kama unavyojua ukiwa umewahi kukaa Nairobi, akichelewesha kodi anakuta kufuli mlangoni na vyombo vyake viko ndani.

Kufuli linavyofungwa

Kwa msomaji asiyeandika programu, nieleze kufuli hili linafanywaje. Halihitaji njama. Uzembe unatosha.

Kwanza, namba za utambulisho. Kila kalvati linapoingizwa, programu hulipa namba yake ya ndani. Kama namba hiyo haikuandikwa popote pengine, basi siku mnapoachana, picha, ripoti za ukaguzi na gharama za kalvati hilo zinabaki vipande visivyojuana.

Pili, leseni kwa kila mtumiaji. Ofisi inanunua leseni tano kwa sababu ni ghali. Zote tano zinakaa makao makuu. Msimamizi wa barabara aliye kijijini, ambaye ndiye anayeona mtaro ukiziba, hana akaunti. Anaandika kwenye kitabu cha shule, anapiga picha kwa WhatsApp, na habari inafia hapo.

Tatu, njia ya kutoka. Nilipata kuona ofisi moja, jina tuliache, ikiomba data yake yenyewe kutoka kwa muuzaji baada ya mkataba kuisha. Ilipewa PDF ya mamia ya kurasa. Meza za PDF! Hiyo ni sawa na kumpa mtu picha ya ugali.

Nne, mradi. Mfadhili analeta mfumo, magari, kompyuta na mtaalamu. Vipimo vinachukuliwa mara moja, vizuri kabisa. Mradi unaisha. Mtaalamu anaondoka na neno la siri, kompyuta moja inaibiwa, nyingine inapigwa na umeme. Baada ya miaka sita anakuja mfadhili mwingine, na kazi ya kwanza katika mpango wake ni kukusanya data upya.

Hili la nne ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kwa barabara, historia ndiyo kila kitu. Kipimo cha leo kinakuambia barabara ni mbaya. Vipimo vya miaka kumi vinakuambia inaharibika kwa kasi gani, na kama yule mwanakandarasi aliyeweka lami mwaka juzi alikuibia. Ukitupa vipimo vya zamani kila unapobadilisha programu, unabaki mtoto milele. Na kuna watu wanaofaidika ukibaki mtoto.

Kalvati la nani?

Sasa tuje nyumbani.

Sheria ya barabara ya 2007 ilizaa mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu za taifa, KURA ya mijini na KeRRA ya vijijini. Bodi ya Barabara, KRB, iliyoundwa kwa sheria ya 1999, inasimamia mfuko wa ukarabati. Katiba ya 2010 ikagawa kazi: barabara kuu kwa serikali ya taifa, barabara za kaunti kwa kaunti. Gazeti rasmi la Januari 2016 liliorodhesha kilomita 161,451, kati yake kilomita 39,995 za taifa na 121,456 za kaunti 47. Tangu hapo kumekuwa na mvutano usiokwisha kuhusu nani ale pesa za mfuko.

Mvutano wa pesa tunausikia kila siku. Mvutano wa data hakuna anayeuzungumzia. Maji hayasomi gazeti rasmi. Yanatoka kwenye barabara ya taifa, yanaingia mtaro wa kaunti, yanapita chini ya reli, yanaishia shambani kwa mtu. Kila ofisi ikiwa na mfumo wake, kwa namba zake, kwa muuzaji wake, basi mahali hatari zaidi ni pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwingine inapoanzia. Hapo hapana mwenyewe.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, Mai Mahiu, maji yalifagia kijiji cha Kamuchiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya maji iliyo chini yake kuzibwa na takataka zilizoletwa na mafuriko, kisha tuta likaachia.

Njia ya maji. Tundu chini ya tuta. Kitu ambacho hakikatiwi utepe.

Sisemi programu ingewaokoa. Mvua ile ilikuwa kubwa, na programu haishiki jembe. Nauliza tu maswali ambayo daftari lolote la maana linapaswa kujibu kwa dakika moja. Tundu lile lina namba gani? Nani mwenyewe? Lilizibuliwa mara ya mwisho lini? Nani wanakaa chini yake? Na mtu wa Kamuchiri angeweza kuangalia wapi, wiki moja kabla, kama majibu hayo yapo?

Tunalipia daftari hilo, msikose kujua. Tozo ya ukarabati wa barabara ilianza kwa sheria ya 1993, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita ya petroli au dizeli, kutoka 18. Matatu inayotia lita 40 kwa siku inatoa shilingi 1,000 kila siku. Abiria ndiye mlipaji, hata kama hana baiskeli. Na mwaka 2025 serikali ilitenga shilingi 7 kati ya zile 25 ili kukopa shilingi bilioni 175 na kulipa madeni ya wanakandarasi. Maana yake pesa za kuziba nyufa za kesho zimeanza kulipa kuta za jana. Nchi iliyofika hapo haiwezi kumudu kukisia ni kalvati lipi lianze.

Pingamizi ninazozijua kwa moyo

"Tukianika data, magaidi na wahalifu wataitumia." Wamarekani, ambao hawachezi na mambo ya usalama, huchapisha daftari lao la madaraja ili yeyote alipakue. Mwanafunzi wa Mombasa anaweza leo, bila kumwomba mtu ruhusa, kusoma alama za ukaguzi za daraja la Minnesota. Ajaribu kupata zile za daraja analovuka akienda shule, kwa mtindo ule ule. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la I-35W la Minneapolis lilipoanguka na kuua watu 13, waandishi wa habari waliweza kuona kwamba lilikuwa na alama ya upungufu tangu 1990, na kuuliza kuhusu mengine yenye alama hiyo. Ni kweli, uchunguzi ulionyesha chanzo kilikuwa mabamba ya chuma yaliyosanifiwa membamba mno tangu mwanzo, jambo ambalo fomu ya ukaguzi haikuliuliza. Lakini hata kosa la fomu linaonekana fomu ikiwa wazi.

"Programu za kulipia ni salama, programu huria ni za kubahatisha." Mwezi Februari 2025 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, lilitoa onyo kuhusu pengo katika Cityworks lililokuwa tayari linatumiwa na wavamizi. Mwezi Mei watafiti wa Cisco Talos walieleza kwamba kundi la wavamizi wanaozungumza Kichina lilikuwa limepenya mitandao ya serikali za mitaa za Marekani kwa njia hiyo. Muuzaji alitoa kiraka, na programu yoyote inaweza kuwa na pengo. Nachosema ni kwamba bei haikuwa kinga.

"Hatuna wataalamu." Jamani. Ushahidi iliandikwa na Wakenya na marafiki zao Januari 2008 nchi ikiwaka moto, na ikatumika dunia nzima. Vijana wa Kibera walichora mtaa wao kwenye OpenStreetMap mwaka 2009, wakati ramani nyingine zilionyesha msitu. Wataalamu tunao. Tunawaajiri kubadilisha neno la siri la mkurugenzi.

"Ni ghali kuanza upya." Daftari ninalolisema halina kitu cha kubuni. PostgreSQL na PostGIS kuhifadhi. QGIS kuchora. ODK kwenye simu ya msimamizi kule shambani, hata pasipo mtandao. Zote bure, zote zimetumika kwa miaka mingi, na kozi za vyuo vyetu zinafundisha baadhi yake. Gharama ya kweli ni watu wa kupima na kuandika, na hiyo utailipa hata ukinunua mfumo wa dhahabu.

Na nyinyi wenzangu wa programu, msitabasamu. Kila mashindano ya kuandika programu huzaa app ya kuripoti mashimo. FixMyStreet ya Uingereza ilianza 2007 na msimbo wake uko wazi, hivyo ya kuiga ipo. Ripoti ya shimo isiyoingia katika daftari la mwenye barabara ni kilio tu. Mwananchi analia mara tatu, anachoka, anaifuta app.

Ninachodai

Ofisi yoyote ya umma inayotaka kununua programu ya kusimamia barabara, maji au taa, iandike mambo haya matano kwenye tenda, na asiyeyataka aende zake.

1. Namba moja kwa kila kitu, nchi nzima. Barabara, daraja, kalvati, mtaro. Namba itolewe na serikali, si na programu, na ichorwe kwenye zege pale pale ili hata mchunga mbuzi aisome kwenye simu akiripoti. Vilivyo mpakani mwa ofisi mbili viandikwe mwenye jukumu kwa jina la cheo.

2. Data yote itoke kila mwezi, yote, pamoja na picha na historia, katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma. CSV na GeoPackage zinatosha. Ofisi ijaribu kuifungua bila msaada wa muuzaji. Ikishindwa, muuzaji asilipwe mwezi huo. Utashangaa jinsi kufuli litakavyofunguka.

3. Kanuni ya kuchagua ichapishwe. Kama kompyuta imesema barabara A itangulie barabara B, tuone hesabu. Kama mkubwa ameigeuza, tuone sahihi yake. Mara nyingi kompyuta husema B, pesa zikaenda A, na lawama ikabebwa na kompyuta.

4. Aliye chini aandike. Leseni zisihesabiwe kwa kichwa. Msimamizi wa kijijini awe na haki ya kuandika, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho ionekane wazi. Rekodi isiyoguswa kwa miaka mitatu ipakwe kijivu, wala isiitwe kijani.

5. Umma upakue. KRB huchapisha mpango wa mwaka wa kazi za barabara, na huo ni mwanzo mwema. Lakini PDF ni ya kusomwa na jicho. Tunataka jedwali linaloweza kuulizwa maswali.

Nikipewa hayo matano, muuzaji anaweza kuwa yeyote. Awe Mmarekani, Mhindi au kijana wa Eldoret. Programu ziwe za bure au za kulipia, sitabishana. Mwaka wa kumi mfumo utachakaa, maana mifumo yote huchakaa, na tutabadilisha shati bila kuchunwa ngozi.

Usisubiri waziri

Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Huhitaji wakili wala kueleza sababu zako.

Kwa hiyo andika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa ofisi inayosimamia barabara za kwenu. Usiombe mkakati wala ripoti ya mwaka. Omba kitu kimoja kidogo: orodha ya makalvati yote ya wadi yako, na kwa kila moja tarehe lilipozibuliwa mara ya mwisho, katika jedwali la kompyuta.

Wakikutumia, umepata daftari, na jirani yako aliye bondeni atakushukuru mvua ikija. Wakikutumia PDF, rudisha uombe jedwali. Wakikujibu kwamba wanasubiri mfumo mpya, basi umejua tayari kwamba orodha haipo, na pesa za utepe zimeshatengwa. Barua hiyo iweke hapa kwenye maoni tuisome sote.